Ushonaji wa Viraka: Somo Huanza Kabla ya Sindano

Aghalabu mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huliogopa somo la ushonaji kwa sababu mbili: hana vitambaa, na darasa lake lina watoto wengi. Matokeo yake huchora mishono ubaoni, watoto wakainakili daftarini, na kipindi kikaisha bila sindano hata moja kupenya kitambaa. Maoni yangu ni kwamba sababu hizo si kizuizi. Ipo kazi ya mikono inayoweza kufanyika katika hali hiyo hiyo, nayo ni mfarishi wa viraka visivyo na umbo maalumu, uliodariziwa kwa mkono.

Mfarishi huu haukatwi kwa kigezo. Vipande vya kila umbo hushonewa juu ya kitambaa cha msingi, kisha kila mahali vipande viwili vinapokutana hufunikwa kwa mshono wa nakshi: mfano wa mnyororo, wa unyoya, au wa mifupa ya samaki. Ulipata umaarufu mkubwa Marekani katika miaka ya 1880, ambako uliitwa kwa jina lenye maana ya “mfarishi wa kichaa”. Wanawake wa huko waliushona kwa hariri na mahameli, ukawa pambo la sebuleni zaidi kuliko nguo ya kujifunika. Shauku ilipozidi, wafanyabiashara wakauza mafungu ya vipande vya hariri kwa ajili hiyo. Tena, hariri nyingi ya wakati ule ilitiwa chumvi za madini ili iongezeke uzito. Ndiyo maana katika mifarishi iliyohifadhiwa hadi leo huonekana vipande vya hariri vilivyochanika vyenyewe. Hapa tunajifunza mambo mawili: kiraka kilichonunuliwa kimeacha kuwa kiraka, na uzuri wa kitambaa si uimara wake.

Kwa hiyo somo lenyewe huanza kwenye ukusanyaji. Mwalimu aende kwa mafundi cherehani wa jirani, awaombe mabaki ya vitenge, kanga na sare ambayo wangeyafagia jioni. Kitambaa cha msingi kiwe merikani au shuka kuukuu lisilooza. Vipande vyote vifuliwe kwanza: kinachochuja rangi kitengwe, na kinachoruka kiruke sasa, si baada ya kushonwa. Watoto wavipange kwa uzito, wavute kila kimoja kupima nguvu zake, waone jinsi pamba inavyonywa maji na nailoni inavyoyakataa. Hilo ni somo la sayansi ambalo halikuhitaji maabara.

Hapa napenda kuwaonya wanachuo kwa mkazo. Msimwambie mtoto yeyote, “Kesho kila mmoja aje na kitambaa.” Katika darasa lolote wamo ambao nyumbani kwao nguo haifiki kuwa mabaki, huvaliwa na wa kwanza, wa pili na wa tatu hadi imalizike. Mtoto huyo atakuja mikono mitupu na kuaibika mbele ya wenzake, au atakata kanga ya mama yake. Mabaki yote yatiwe katika kapu moja la darasa, na kila kikundi kichague humo. Anayependa kuchangia kwa ruhusa ya mzazi achangie kimya kimya. Kazi inayofundisha thamani ya kipande kidogo isimdhalilishe mwenye kidogo.

Ama kuhusu wingi wa watoto, tuchukue darasa la watoto 48. Wagawanywe katika vikundi 12 vya watoto wanne, kila kikundi kipewe mraba wa msingi wa sentimita 47. Wawili wachague na kukata, wawili washone, kisha wabadilishane; hivyo sindano 24 zinatosha. Zihesabiwe zikiwa zimechomekwa kwenye kitambaa kabla na baada ya kila kipindi. Kipande cha kwanza, chenye pembe tano, kiwekwe katikati. Cha pili kilazwe juu yake, uso kwa uso, kishonwe ukingoni, kisha kikunjuliwe. Na hivyo hivyo hadi msingi ufunikwe. Ndipo nakshi ifuate. Miraba ikiunganishwa mitatu kwa minne, na sentimita moja ikaachwa kila upande kwa ajili ya mshono, hupatikana mfarishi wa sentimita 135 kwa 180. Utiwe kitambaa cha chini, ufungwe kwa mafundo ya uzi hapa na pale, upindwe kingo. Utamfaa mtoto anayeugua ghafla shuleni.

Wako watakaosema kwamba viraka visivyo na mpango vitawazoeza watoto uzembe, na kwamba miraba iliyopimwa ingefaa zaidi. Naheshimu hoja hiyo, lakini siikubali kwa mwanafunzi anayeanza. Mraba uliokatwa vibaya huharibu safu nzima, na mtoto hukata tamaa. Katika mfarishi huu kipande kilichopinda hupata mahali pake. Usahihi hudaiwa katika mshono, ambao mwalimu anaweza kuupima: je, nafasi zinalingana? Je, uzi umekazwa mno? Wengine watadai kwamba ushonaji ni wa wasichana. Na watazame barazani mwa maduka ya mitaani, wahesabu wanaume walioketi nyuma ya cherehani.

Ndugu mwanachuo, haba na haba hujaza kibaba. Unapoandika andalio la somo, usiache mahali pa zana patupu kwa kuwa shule haina fedha. Tembelea kwanza mafundi wanaoizunguka shule, ukiwa na kapu mkononi.