Ubaguzi wa rangi: mtoto apewe hadithi ya familia, si orodha ya mateso

Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba taifa la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya binadamu wakati wa ukoloni. Walioshitaki ni wanawake watano, wote wazee. Walizaliwa Congo, mama akiwa Mwafrika na baba akiwa Mzungu. Kabla ya kufikisha miaka 7 walinyang'anywa mama zao na kupelekwa kwenye misheni ya Katende, Kasai. Kosa lao lilikuwa rangi ya ngozi. Mahakama iliamuru kila mmoja alipwe euro 50.000.

Watu wazima walisikia habari hiyo kwenye redio na kuijadili. Lakini kwa mtoto wa miaka 10 anayesoma Goma, Bukavu ao Kalemie, hukumu ya mahakama haina sura. Haina mama anayesimama mlangoni akiangalia gari likiondoka na mtoto wake. Mtoto haingii katika historia kwa njia ya vifungu vya sheria. Anaingia akikutana na mtoto mwenzake, mwenye jina, mwenye ndugu wa kugombana nao na mama wa kumuamsha asubuhi. Kazi hiyo ni ya hadithi, na katika Congo hadithi za namna hiyo ni chache mno.

Marekani kuna mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1976, Mildred D. Taylor, mwandishi Mweusi aliyezaliwa Jackson, Mississippi, alitoa riwaya ya vijana yenye jina Roll of Thunder, Hear My Cry. Mwaka 1977 ilipata Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto katika nchi hiyo. Msimulizi ni Cassie Logan, msichana wa miaka 9, na mambo yanatokea Mississippi katika miaka ya 1933 na 1934, wakati uchumi umeanguka na bei ya pamba imeshuka.

Taylor haanzi na damu. Anaanza na watoto wanne wakienda shule kwa mguu, njia ndefu, nguo safi za siku ya kwanza. Basi la shule ya Wazungu linapita kwa makusudi karibu nao na kumrushia vumbi jekundu mdogo wao, ambaye anapenda usafi kupita wote. Watoto Weusi hawana basi. Darasani wanapewa vitabu, na huyo mdogo anafurahi, mpaka anapoona ndani ya jalada orodha ya waliokitumia kitabu kile: mara 11 za kwanza kilikuwa mikononi mwa watoto Wazungu. Kilipochakaa kabisa ndipo kikapewa watoto Weusi. Anakitupa chini, na anachapwa fimbo.

Hapo msomaji mdogo ameelewa ubaguzi wa rangi kuliko maelezo ya kurasa 20. Ameelewa kwamba si tusi tu la mtu mwenye roho mbaya. Ni bajeti, ni basi, ni kitabu kilichochakaa, ni orodha iliyoandikwa na mtu wa ofisi ambaye hata hakuwa na hasira siku hiyo.

Kinachoendelea nyumbani ndicho kinachokifanya kitabu hiki kiwe na nguvu. Mama wa watoto hao ni mwalimu katika shule hiyohiyo. Anakata karatasi na kuibandika juu ya ile orodha, kitabu kimoja baada ya kingine, mbele ya mwalimu mwenzake anayemuonya kwamba anajitafutia matatizo. Ni kitendo kidogo. Hakibadilishi serikali ya Mississippi. Lakini mtoto wake anajua sasa kwamba mtu mzima mmoja ameona jambo lilelile aliloliona yeye, na hakukubali kulizoea.

Familia ya Logan haikubaliani katika kila jambo, na Taylor hafichi hilo. Cassie anaposukumwa kutoka njiani na msichana Mzungu pamoja na baba yake, mama mzaa baba anamlazimisha kuomba msamaha, kwa sababu anajua watu waliouawa kwa kosa dogo kuliko hilo. Mjomba wao aliyetoka Chicago anataka kwenda kupigana usiku uleule. Rafiki wa familia anaingia naye katika gari na kumtuliza mpaka asubuhi. Mama anakaa kitandani na kumueleza Cassie kwamba watu wale wanahitaji kuamini kuwa wao ni bora, na kwamba uongo huo haumpunguzii yeye thamani yake. Mwenye hofu, mwenye hasira na mwenye subira wote wanalala katika nyumba moja, wote wanampenda mtoto yuleyule.

Hapo wengi wanaoandika juu ya uvumilivu wa familia wanakosea. Wanadhani kuvumilia ni kunyamaza. Wazazi wa Cassie wanapanga wakulima wenzao waache kununua kwa mfanyabiashara Mzungu anayejulikana kwamba alihusika kuwachoma moto majirani zao, na waende kununua Vicksburg, mbali. Wanalipa kwa uamuzi huo. Mama anafukuzwa kazi. Baba anashambuliwa na kuvunjika mguu. Benki inadai deni lote la shamba kwa mara moja, na mjomba anauza gari lake ili lilipwe. Uvumilivu katika kitabu hiki una bei, na bei hiyo inahesabiwa mbele ya watoto.

Na kuna shamba. Babu yao alinunua ekari 200 mwaka 1887, kisha 200 nyingine mwaka 1918, wakati majirani wengi Weusi walilima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenyewe. Msomaji wa Masisi ao Kalehe hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mwenye shamba lake anaweza kusema hapana. Asiye nalo anaomba ruhusa hata ya kukasirika.

Kuna wazazi watakaosema kwamba mtoto aachwe acheze, kwamba mambo ya kuchomwa watu na matusi ya rangi yangoje mpaka akomae. Marekani pia kuna waliotaka kitabu hiki kiondolewe shuleni kwa sababu ya maneno makali yaliyomo. Hofu yao si ya kudharauliwa. Mtoto anayepewa ukatili mtupu anaweza kubaki na ndoto mbaya, ao na chuki. Lakini swali lenyewe limechelewa. Mtoto wa mashariki mwa Congo hangoji kitabu ili asikie mtu akidharauliwa kwa sababu ya pua yake, lugha yake ao kabila lake. Anasikia sokoni, anasikia katika simu ya kaka yake. Anachokosa ni mtu mzima wa kumueleza dharau hiyo inatoka wapi na mtu anaweza kuijibu namna gani bila kuwa kama yule aliyemdharau. Riwaya nzuri inafanya kazi hiyo. Taylor ameweka ndani yake mwanasheria Mzungu anayewasaidia Weusi na mtoto Mzungu anayetafuta urafiki, na pia kijana Mweusi anayewasaliti jirani zake kwa kutaka kupendwa na Wazungu. Hakuna rangi inayogawiwa wema wote.

Taylor alipata wapi mambo hayo? Kwa baba yake na ndugu za baba yake, waliokuwa wakisimulia jioni. Babu mkubwa wa familia yake alizaliwa na Mzungu mwenye shamba pamoja na mwanamke mtumwa, na juu ya maisha yake Taylor aliandika kitabu kingine, The Land, mwaka 2001. Ni hadithi ya mtoto anayependwa na baba yake Mzungu na bado anafundishwa na baba huyohuyo kwamba hana haki sawa na kaka zake. Msomaji wa Congo akifika hapo anawakumbuka wale watoto wa Katende, na wale wa Save, Rwanda, waliopelekwa Ubelgiji uhuru ulipokaribia.

Malighafi hiyohiyo iko Congo, na inaisha. Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1955 amefika uzeeni kabisa. Anakumbuka mji uliogawanywa, upande wa Wazungu na upande wa Weusi. Anakumbuka kiboko, na anakumbuka jinsi baba yake alivyochunguzwa mpaka nyumbani ili apewe karatasi ya kuitwa mtu aliyestaarabika. Anakumbuka pia mama yake alisema nini usiku ule, baada ya wageni kuondoka. Miaka 1885, 1908 na 1960 imeandikwa katika vitabu vya shule. Maneno ya mama huyo hayakuandikwa popote, na mzee akifa yanazikwa naye.

Kwa hiyo mwalimu wa historia anaweza kuanza bila kungoja Kinshasa: kila mwanafunzi alete ukurasa mmoja wa mambo aliyosimuliwa na mzee wa familia yake, na pawe na sharti moja, kwamba aeleze familia ilifanya nini baada ya kuumizwa. Wachapishaji wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaweza kutafuta waandishi wa kuandika kwa Kiswahili kile ambacho watoto wanakisikia nyumbani, badala ya kungoja kitoke Paris ao Brussels. Wazazi wanaosoma Kifaransa ao Kiingereza wanaweza kumsomea mtoto sura moja kwa jioni, wakigeuza kwa Kiswahili.

Ubelgiji iliomba msamaha mwaka 2019 kwa mdomo wa waziri wake mkuu, na mahakama yake imesema neno lake. Hayo ni ya Ubelgiji. Kumueleza mtoto wa Congo jinsi mama wa watu hao walivyobaki wima, hiyo ni kazi ya Congo yenyewe, na wanaoweza kuieleza vizuri wanapungua kila mwaka.