Likizo ndefu yawa mzigo kwa wanafunzi wa Salama

KILA mwezi wa Mei, matatu na mabasi ya kutoka Nairobi hushusha wanafunzi wa vyuo vikuu katika kituo cha biashara cha Salama, Kaunti ya Makueni. Baadhi yao huwa na barua ya chuo inayomwomba mwajiri ampokee mwenye kuibeba kwa mafunzo ya nyanjani. Mara nyingi barua hiyo haimtaji mwajiri mwenyewe. Kumtafuta ni juu ya mwanafunzi.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Katika vyuo vingi vya umma, masomo hukoma Aprili na kurejelewa Septemba. Kozi nyingi humtaka mwanafunzi ahudumu kazini kwa wiki 8 hadi 12 katika kipindi hicho, na ripoti ya msimamizi huchangia alama zake. Anayekosa nafasi huenda akachelewa kufuzu.

Nafasi nyingi zipo jijini. Mwenye mjomba Umoja au Embakasi ana pa kulala, na pengine mjomba huyo ndiye atakayempigia simu meneja. Kijana wa Salama asiye na jamaa huko hulazimika kukodi chumba, kulipa nauli na kujilisha, ilhali waajiri wengi hawamlipi hata ndururu. Nazo fedha za kujikimu kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hufuata mihula ya masomo. Mafunzo yaliyonuiwa kumsaidia mwanafunzi yamegeuka karo nyingine isiyoandikwa popote.

Zamani angalau kulikuwa na kibarua cha nyumbani. Salama ilikua kwa sababu ya malori ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na aliyerudi likizoni hakukosa kazi ya mkono hotelini au gereji. Kisha ikaja reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 na mizigo mwaka uliofuata. Treni hiyo husimama Emali, wala si Salama. Serikali ilipoanza mwaka wa 2019 kushinikiza mizigo ya bara isafirishwe kwa reli, miji ya kando ya barabara ilipata pigo kubwa. Rais William Ruto aliondoa shinikizo hilo alipoingia mamlakani Septemba 2022, lakini vijana walikwisha kuona jinsi riziki ya barabarani inavyoweza kukatizwa kwa waraka mmoja.

Jambo la kushangaza ni kwamba jiji la kiteknolojia la Konza, lililotengewa ekari 5,000, liko Malili, kwenye barabara hiyo hiyo. Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwaka wa 2023 kikiwa na makao huko. Ikiwa mwanafunzi wa uhandisi au kompyuta kutoka Salama hulipita ua la Konza akienda kuomba nafasi Nairobi, basi ahadi iliyotolewa kwa wenyeji haijatimia. Wasimamizi wa mradi huo wanapaswa kutangaza kila mwaka nafasi za mafunzo walizo nazo, na ni ngapi zilizowaendea vijana wa Makueni, Machakos na Kajiado.

Kaunti nayo ina la kujibu. Kiwanda cha kusindika maembe cha Kalamba, kilichoanza kazi mwaka wa 2017, kingefaa sana wanafunzi wa sayansi ya chakula. Hata hivyo, msimu wa maembe huanza Novemba na kuisha Machi, wakati wanafunzi wamo darasani. Kalenda ya chuo haikutungwa kwa kuzingatia mashamba, na hakuna sheria ya maumbile inayozuia chuo kumruhusu mwanafunzi wa kilimo kwenda nyanjani Januari.

Waajiri hutozwa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha zinazoendea Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Ushuru huo ni wa mafunzo. Kugharimia nauli na chakula cha mwanafunzi kwa wiki 12 si kuupotosha.

Kwa sasa, linalomwangusha kijana wa Salama mapema zaidi ni wakati. Hupeleka barua Mei, baada ya kufunga chuo, ilhali ofisi nyingi huwa zimegawa nafasi zao miezi kadhaa kabla, na mwenye mjomba jijini aliambiwa hivyo Januari.