Mwacheni mama atembee mji kabla mzigo haujapanda meli

Kasumbalesa. – Leo sitaongea juu ya msururu wa makamiyo wala juu ya bei ya unga. Nataka kuongea juu ya picha tatu.

Picha hizo mmeziona wengi, maana zimepita kwenye simu karibu zote za mtaa wetu. Katika ya kwanza, mama mmoja wa hapa kwetu amesimama usiku kando ya mto mkubwa, na nyuma yake kuna mnara mrefu wenye taa za kila rangi. Katika ya pili, mama huyo huyo yuko juu ya meli ya matembezi, amekaa na wageni wengine, ameshika chupa ya maji, anacheka. Katika ya tatu yuko ndani ya kanisa kubwa la mawe. Mji ni Guangzhou, kule China. Mama alitumwa na likelemba ya wamama 30 aende kununua viatu, mifuko na vyombo vya jikoni. Wenyeji 21 walitoa dola 500 kila mmoja. Wamama 9 wakimbizi wa ndani walitoa dola 150 kila mmoja, na hizo 150 ninajua zilivyopatikana: mwingine aliuza cherehani aliyoibeba mgongoni tangu Bukavu. Jumla ilikuwa dola 11,850.

Siku sita za kwanza mama hakununua kitu. Halafu zikafika picha. Basi huku moto ukawaka. Wengine wakasema anakula feza yetu, wengine wakasema tumempeleka kwenye biashara, si kwenye utalii. Sasa mkutano umeitwa Jumapili ili aondolewe kwenye likelemba na arudishe gharama za safari. Wamama wawili walinifuata nyumbani wakitaka nitangaze jina lake. Jina sitatangaza. Ila maoni yangu nitayatoa, na najua yatawaudhi wengine ambao ni majirani zangu.

Mimi niko upande wa mama aliyepiga picha.

Niseme kwanza kwa nini. Mwaka 2017 nilifika mji ule mwenyewe, nimetumwa na ndugu zangu watatu waliouza vitu vya umeme hapa sokoni. Nilikuwa na siku tano tu, maana ndugu waliona kila usiku wa hoteli ni feza inayopotea. Nilishuka Baiyun, uwanja wa ndege, nimetoka Lubumbashi kupitia Addis Ababa, macho mekundu kwa usingizi. Nilienda Xiaobei moja kwa moja kama kila Mkongomani. Xiaobei ni mtaa ambao Mwafrika hapotei: utasikia Kilingala, Kifaransa, Kibambara, Kiigbo, utakula samaki na fufu, utasukwa nywele. Pale kuna jengo maarufu la Tianxiu, limejaa maduka madogo madogo ya jumla. Niliingia, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeshalipa malipo ya kwanza ya taa na ralonji za umeme. Niliwapigia ndugu simu, wakafurahi sana, kazi imeisha.

Siku ya nne, mzigo tayari umefungwa, dada mmoja Mkongomani anayeishi kule alinihurumia akanipeleka Guzhen, mji mdogo upande wa Zhongshan. Guzhen ni mji wa taa. Barabara nzima ni taa, ghorofa kwa ghorofa ni taa. Nikaiona taa yangu ileile, katoni ileile, kwa bei iliyonifanya nikae chini. Dada akaniuliza kwa nini sikutembea kwanza. Sikuwa na jibu.

Na hiyo haikuwa mbaya kuliko zote. Mzigo ulipofika hapa na kufunguliwa, ralonji zote zilikuwa za miguu bapa, ile ya prizi za Kichina. Prizi zetu hapa ni za matundu ya duara, kila mtoto anajua. Mimi nilijua pia! Lakini niliinunua jioni, kwa haraka, mwenye duka alinionyesha moja iliyo sawa, nami sikufungua katoni ya pili. Ndugu zangu watatu hatujaongea vizuri mpaka leo.

Basi mtu akiniambia siku sita bila kununua ni uvivu, nashindwa kukubali. Guangzhou si soko moja lenye mlango mmoja. Ukitaka nguo za jumla utaenda Baima na majengo ya jirani, karibu na stesheni ya treni. Viatu ni Zhanxi, mifuko ya ngozi ni upande wa Sanyuanli, na palepale Sanyuanli kuna soko la Canaan ambalo wauzaji wa Kiafrika wanalijua kama nyumbani. Vitambaa ni Zhongda, ng'ambo ya mto, na pale peke yake unaweza kumaliza siku mbili na miguu ikavimba. Mbao za meza, makochi na vigae utavikuta Foshan, mji wa jirani ambao metro inafika tangu 2010. Mwenye kununua siku ya kwanza ananunua kwa mtu wa kati, na mara nyingine yule wa kati amenunua kwa wa kati mwingine. Kila mmoja ameweka faida yake, na faida hizo zote zinalipwa na mama aliyeuza cherehani.

Wengine wananiambia, sawa, masoko tumekubali, lakini meli ya matembezi kwenye mto inahusu nini viatu? Swali ni zuri na sitalikimbia.

Tiketi ya meli ile ni chini ya dola 20. Inapita Mto Pearl usiku, inakuonyesha madaraja na ule mnara wa Canton wenye mita 600. Watalii matajiri wanaokwenda kupanda meli kubwa za baharini hufanya vilevile: wanapewa siku moja au mbili wauone mji kabla ya kupanda, na hakuna anayewauliza. Mama wetu yeye hapandi meli kubwa. Kinachopanda ni mzigo wake, na yeye anarudi na ndege akiwa amekaa karibu na choo. Amefanya siku kumi na moja katika mji ambao hasomi hata bango moja. Ametembea tangu asubuhi na kalkuleta mkononi, maana kule bei haisemwi, inaandikwa kwenye kalkuleta, unafuta, unaandika yako, anafuta, anaandika yake. Jioni moja amekaa juu ya maji saa moja na nusu. Mimi ninasema ni haki yake. Hata kama hizo dola 20 zilitoka kwenye feza ya kundi, ni haki yake. Mchimba mawe pia anakaa chini saa sita.

Kuhusu lile kanisa nashangaa zaidi. Ni kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, Wachina wanaliita Nyumba ya Mawe, lilijengwa na Wafaransa kuanzia 1863 na likamalizika 1888. Waafrika wengi husali pale Jumapili, kuna Misa ya Kiingereza. Ndugu zetu Waislamu nao wana Huaisheng, mmoja wa misikiti ya zamani kuliko yote China. Yeyote aliyefanya biashara kule atawaambia kwamba ukitoka Misa, au ukitoka swala ya Ijumaa, nje pale ndipo unapopata habari: kiwanda gani kinachelewesha, nani anakusanya mizigo ya Dar es Salaam wiki hii, duka gani limehama na amana za watu. Ofisi gani ingempa mama habari hizo? Ametoka kanisani na namba tatu za simu, mwenyewe ameniambia.

Tena tusisahau kwamba mji ule si mwepesi kwa watu wetu. Waafrika walianza kukaa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990, wakafungua njia ambayo sisi tunapita leo. Lakini Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi walifukuzwa katika nyumba na hoteli, wakalala nje na mabegi yao, hata waliokuwa wamelipa kodi. Serikali kadhaa za Afrika zililalamika. Wamama wakimbizi wa ndani wanaonisoma, ninyi mnaelewa haraka kuliko sisi maana ya kutolewa ndani usiku. Kwa hiyo mtu anayekwenda kule leo anahitaji kujua mtaa, kujua hoteli gani inapokea mgeni na kumwandikisha polisi inavyotakiwa, kujua njia ya kurudi. Hayo hayajulikani kwa kukaa dukani.

Sasa nije kwa wale waliokasirika, maana wana jambo moja la kweli. Mama alituma picha ya mnara, hakutuma picha ya viatu. Siku sita kundi halikuona bei hata moja, wala sampuli, wala sura ya duka. Mtu aliyetoa dola 150 za mwisho anaamka usiku, anafungua simu, anaona mnara. Hasira yake ninaielewa kabisa. Kama angetuma kila jioni karatasi moja tu, leo nimefika Zhanxi, kiatu hiki yuan kadhaa, kile yuan kadhaa, kesho Sanyuanli, ile picha ya meli ingepata vidole gumba thelathini. Hilo ni kosa lake na amelikubali mbele yangu. Lakini ni kosa la kutotoa habari, si wizi. Tusichanganye.

Na kuna jambo ambalo limenigusa. Katika kundi lote, aliyemtetea kwanza hakuwa mwenyeji. Ni mama mmoja mkimbizi wa kutoka Bukavu, aliyekuwa akiuza viatu soko la Kadutu kabla ya mji kuchukuliwa Februari 2025. Huyu Guangzhou amefika mara tatu. Tunamwona hapa anauza makala kwa kopo na tulidhani hajui lolote. Yeye ndiye aliyewaeleza wengine kwamba siku za kwanza hutoi feza, unakusanya bei. Kwamba unalipa sehemu ndogo kwanza, mara nyingi asilimia 30, na inayobaki unalipa baada ya kuhesabu mzigo kwa macho yako. Kwamba meli inakulipisha kwa ukubwa wa mzigo na si kwa kilo kama ndege, kwa hiyo viatu vikitolewa kwenye maboksi yake vinaweza kukuokolea nusu ya nafasi. Nusu ya nafasi! Sisi tumekaa na mwalimu huyu karibu mwaka mzima, na hakuna aliyemuuliza. Safari ijayo, kama paspoti yake itapatikana, mimi ningemtuma yeye, au wote wawili.

Najua kuna vijana wanaosema mambo haya yote ni ya zamani, siku hizi unaagiza kwa simu bila kutoka Kasumbalesa. Wengine wamefanikiwa, siwakatazi. Lakini simu haibonyezi soli ya kiatu, wala haifungui katoni ya pili. Na mzigo mbovu hauna njia ya kurudi. Fikirini njia yenyewe: meli inatoka bandari ya Nansha, inapita Singapore, inavuka Bahari ya Hindi mpaka Dar es Salaam. Pale mzigo unashuka, unapanda kamiyo: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, unavuka Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kitwe, Chingola, Chililabombwe. Karibu kilomita 2,000 za barabara, halafu msururu wetu tunaoujua, halafu duane. Ukifungua hapa ukakuta si saizi yako, utamwambia nani?

Mzigo wa likelemba uko baharini wakati ninapoandika. Hakuna anayejua bado kama mama alinunua vizuri au vibaya. Kwa hiyo kumfukuza Jumapili ni kumhukumu kwa picha. Ninaomba kundi lifanye mambo mawili tu: mama alete karatasi zote za manunuzi zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wote 30, na wale wamama 9 wapewe kiti cha mbele, si mlangoni kama mara iliyopita, kwa sababu dola zao 150 ni nyingi kuliko 500 za wengine. Uamuzi wa kumwondoa au kumwacha ungoje mpaka katoni zifunguliwe.

Mkutano ni saa nane, nyuma ya soko. Nitafika. Zile ralonji za miguu bapa bado ninazo sita nyumbani chini ya kitanda, nitakuja na moja niiweke mezani.