Bendera yetu kwa mistatili mitano

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yake ina aibu kidogo, kwa hiyo niitaje mapema tuendelee. Nilikuwa najifunza kuchora bendera.

Ndiyo, bendera! Mtu mzima, mwandishi wa habari mwenye kitambulisho shingoni, nimejifungia chumbani hapa Mbezi Beach, feni inazunguka, mbu wanajipigia muziki wao, nachora bendera ya Taifa kama mtoto wa darasa la tatu. Tofauti ni kwamba mtoto ana penseli za rangi na mimi nilikuwa na laptopu na lugha inayoitwa QML.

Kwa wasioijua, QML ilitoka mwaka 2010 pamoja na Qt 4.7, na kazi yake ni kusanifu violesura, yaani vile vitu unavyoviona na kuvigusa kwenye skrini: vitufe, visanduku, menyu. Huiambii kompyuta hatua kwa hatua "chukua kalamu, nenda kulia, rudi kushoto". Unaieleza tu kilichopo: kuna mstatili, upana wake huu, rangi yake hii, umekaa katikati ya mstatili mwingine. Basi. Unaeleza, yenyewe inachora. Sasa ukitaka kumpima mtu kama anakijua kitu, mwambie akieleze. Hapo ndipo nilipokwama.

Lakini nianze na kisa. Juni 2019, Taifa Stars wako Misri kwenye AFCON, mara ya kwanza tangu 1980. Tarehe 27 tunacheza na Kenya mjini Cairo. Mimi nimepewa kazi ya kutengeneza picha ya kutangaza mechi: bendera mbili, saa, uwanja. Muda umebana, mhariri anapiga kelele, nikachora ya kwetu kwa haraka kwa kukumbuka. Nikairusha. Watu wakaipenda, wakaisambaza WhatsApp, mimi nikavimba kichwa.

Kesho yake asubuhi nikapita dukani kwa mzee mmoja wa Kipemba hapa jirani, karibu na Tangi Bovu, kununua vocha. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Ebu njoo." Akanionyesha simu yake. "Hii bendera ya nchi gani?" Nikacheka, nikadhani ananitania kwa sababu tumefungwa 3-2 baada ya kutangulia mara mbili. Hakuwa anatania. Utepe mweusi nilikuwa nimeushusha kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, na bluu nimeiweka kushoto chini, upande wa mlingoti. "Umeuvuruga Muungano kwa kidole kimoja," akasema, akanipa chenji yangu.

Hakuna aliyekuwa ameligundua. Si mhariri, si mimi, si wale mamia walioisambaza! Watu wote tuliopigishwa mstari kila asubuhi chini ya bendera kwa miaka saba ya shule ya msingi. Tunaimba kijani ni uoto, nyeusi ni watu, bluu ni maji, njano ni madini, lakini ukituuliza utepe unaanzia kona ipi tunaangalia dari.

Jibu ni hili: unaanzia chini upande wa mlingoti na kupanda hadi juu upande wa mbali. Kijani juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili.

Nikirudi kwenye QML. Jaribio la kwanza nilifanya kama wengi: mstatili wa kijani, juu yake utepe mweusi, nikauzungusha nyuzi 45. Kichekesho. Nyuzi 45 zinafika konani kama bendera ni mraba, na yetu ni 2 kwa 3. Nikakisia 30, 35... Utepe unakaribia kona na kuikosa, kama dereva wa bajaji anayeegesha kwa mara ya kwanza. Halafu utepe wenyewe nilikuwa nimeupa upana sawa na wa bendera, nikashangaa kwa nini hauzifiki kona. Bila shaka haufiki! Mshazari ni mrefu kuliko upande. Bendera ya 72 kwa 48 ina mshazari wa 86.5 hivi, na pembe yake ni nyuzi 33.69. Haya mambo nilifundishwa sekondari, mwalimu akayaandika ubaoni, nikayanakili, nikayafaulu, nikayasahau.

Wakati nahangaika hivyo nikamkumbuka fundi mmoja wa maandishi pale Africana, yule anayechora kwenye milango ya maduka na kuta za shule. Niliwahi kumwona akichora bendera ukutani. Hakupima nyuzi. Alimshikisha kijana wake ncha ya uzi kwenye kona ya chini, yeye akaivuta ncha nyingine hadi kona ya juu, akaukaza uzi uliopakwa chaki, akaupiga ukutani, tap, mstari huo. Kisha akapima pande zote mbili za mstari. Huyu hawezi kukosea kona hata akilewa, maana ameanzia konani. Mimi nilianzia kwenye pembe ya kukisia. (Wadau wa CSS najua mnacheka: kwenu mkiiambia rangi ielekee "kona ya chini kulia", mstari wa katikati unapita wenyewe kwenye kona nyingine mbili. Uzi wa fundi huo.)

Basi usiku mmoja umeme ukakatika, laptopu ina chaji nusu saa, nikaacha kuchora na kuanza kuitazama. Nikainamisha kichwa upande, hadi utepe mweusi ukawa umelala kabisa. Jamani. Kijani, njano, nyeusi, njano, kile cha chini. Mistari mitano iliyolala! Hamna pembetatu hata moja. Bendera ya Tanzania ni mistatili mitano imepangwa juu ya mwingine, ikainamishwa, ikatazamwa kupitia dirisha. Nikaandika:

import QtQuick

Rectangle {
    width: 720; height: 480
    clip: true
    Column {
        anchors.centerIn: parent
        rotation: -33.69
        Rectangle { width: 870; height: 350; color: "#1EB53A" }
        Rectangle { width: 870; height: 30; color: "#FCD116" }
        Rectangle { width: 870; height: 130; color: "black" }
        Rectangle { width: 870; height: 30; color: "#FCD116" }
        Rectangle { width: 870; height: 350; color: "#00A3DD" }
    }
}

Mstatili wa nje ndio dirisha. Neno clip linasema kata chochote kinachozidi. Column inapanga vitu juu kwenda chini. Alama ya kutoa kwenye rotation ndiyo inayoinua upande wa kulia. Ukiisahau unapata ile bendera yangu ya 2019. Alama moja tu!

Sasa kaeni vizuri, hapa ndipo palipoamsha usingizi wangu wote. Futa mstari wa rotation. Kwenye mstatili wa mwisho, badala ya bluu weka kijani. Endesha. Unaona nini? Kijani, njano, nyeusi, njano, kijani, imelala. Ni bendera ya Tanganyika, ile iliyopandishwa Desemba 1961, kasoro vipimo vya mistari. Na bendera ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani, kutoka juu kwenda chini. Muungano ukaja tarehe 26 Aprili 1964, na bendera mpya ikapitishwa tarehe 30 Juni mwaka huohuo. (Uwanja tuliofungiwa na Kenya pale Cairo unaitwa 30 Juni. Sina la kuongeza.)

Kwa lugha ya msimbo, kutoka Tanganyika kwenda Tanzania ni mabadiliko mawili: rangi moja na mwinamo mmoja. Nyeusi na kijani zilikuwapo pande zote mbili, njano ililetwa na Tanganyika, bluu ikaletwa na Zanzibar. Nimeiona bendera hii maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipolazimika kuieleza kwa mashine isiyonielewa nikibabaisha.

Na mwinamo nao una maana yake, angalau kwangu. Ukiipanga mistari hiyo imelala, mmoja yuko juu na mwingine yuko chini, hakuna mjadala. Ukiinamisha, kijani na bluu wanapata pembetatu mbili zinazolingana kabisa kwa eneo. Nilipomweleza mzee wa duka hoja hii akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa mwanangu, lakini kijani ndiyo imeshika mlingoti." Hapo nikanyamaza. Sitaki kufungua mjadala wa serikali mbili au tatu, ule uliopamba moto na Rasimu ya Warioba mwaka 2013 na Bunge Maalum mwaka uliofuata. Ila mjue unaweza kuanzishwa na mistatili mitano.

Hoja yangu ya leo ni kwa wenzangu wa vyumba vya habari na vijana wanaotengeneza programu za simu mjini hapa. Acheni kupakua bendera. Tunaingia mtandaoni, tunachukua picha ya kwanza inayojitokeza, ina kijani cha mchicha au bluu ya sare za shule, wakati mwingine imegeuzwa, tunaipachika, tunaenda kula chipsi. Picha ukishaipakua una njia mbili tu, kuiamini au kuitupa. Bendera iliyoandikwa inasomeka. Mzee wa duka hajui kompyuta, lakini nilipomsomea ile mistari mitano kwa Kiswahili alinisahihisha kabla sijafika wa tatu.

Mtaniambia si kuna kile kialama cha bendera kwenye simu? Kipo, lakini ndani yake hakuna bendera. Ni herufi mbili maalumu, T na Z, zilizowekwa kwenye mfumo wa Unicode mwaka 2010, na mwenye simu ndiye anayeamua azichoreje. Kwenye kompyuta nyingi za Windows huoni bendera, unaona herufi TZ. Na Zanzibar haina chake kabisa, maana haina herufi zake mbili kwenye orodha ya nchi.

Halafu kuna ndugu zetu wa Muscat, wengi wao Kiswahili ndicho cha nyumbani na simu iko kwa Kiarabu. Kiolesura cha Kiarabu hugeuzwa, cha kushoto kinaenda kulia. Kama uliichora bendera kwa kusema "pembetatu ya kijani ishikamane na upande wa kushoto", QML iliyoambiwa igeuze mpangilio itaihamishia kulia kwa utiifu wote, utepe ubaki palepale, upate nchi isiyokuwepo duniani. Mpango wa mistatili mitano hauna kushoto wala kulia, kwa hiyo hauguswi. Sikuupanga hivyo kwa akili, nimebahatika tu.

Nchi jirani nitazipitia haraka. Kongo, bendera yao ya 2006, inafuata mpango huohuo: bluu, njano, nyekundu, njano, bluu, inamisha, ongeza nyota. Uganda ni mistari sita imelala, mtoto anaiweza, mpaka afike kwenye yule korongo wa katikati. Kenya wana ngao na mikuki, hao wajichoree wenyewe, bado nina kinyongo cha Cairo.

Iliyonifurahisha zaidi ni Zanzibar. Tangu 2005 bendera yao ina mistari ileile mitatu, na juu upande wa mlingoti imepachikwa bendera ya Muungano, nzima nzima. Kwenye QML faili ukiliita Tanzania.qml, jina lake linageuka kuwa neno unaloweza kulitumia popote. Kwa hiyo nikaandika mistatili mitatu, kisha kwenye kona neno moja, Tanzania, lililopunguzwa ukubwa. Bendera ndani ya bendera. Nilipiga makofi peke yangu saa nane usiku, jirani akagonga ukuta.

Jumamosi nikampelekea mzee dukani. Akaitazama sana kwenye laptopu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akataka aione kwenye simu yake, ndogo, kama zile za kando ya majina. Nikaipunguza. Hapo hesabu zikanikimbia: Tanzania ikiwa na upana wa pikseli 24, kila ukingo wa njano unabakiwa na pikseli 1. Ikiwa ndani ya kona ya bendera nyingine ya upana huohuo, ukingo unabakiwa na kipande cha pikseli. Mzee akavaa miwani, akaisogeza simu, akaitenga, akaisogeza tena.

"Njano iko wapi?"

Bado naitafuta. Mwenye ujuzi wa kuchora vitu vidogo anisaidie, mzee anasubiri na vocha nimekopeshwa.