Fumbo Lisilo na Mwenyewe

Mwenzangu mmoja katika kazi hii ya kufundisha lugha, mtu nimheshimuye kwa elimu na kwa umri, alisema mbele ya wanafunzi wetu kwamba fumbo halina mwenyewe. Alisema hivyo kwa kumtetea mchapishaji mmoja aliyemrudishia mwanafunzi mswada wa vitendawili akimtaka afute majina. Mswada ule ulikuwa na desturi moja: chini ya kila kitendawili liliandikwa jina la mtu aliyekitega, na mtaa wake, na mara nyingine jina la bibi au mjomba ambaye yeye alikipokea kwake. Mchapishaji aliona majina hayo yala karatasi bure. Mwenzangu alikubaliana naye, na ili kuipa hoja yake nguvu alitoa mfano wa ng'ambo, yaani gazeti la mafumbo la Sam Loyd wa Marekani, ambalo, kwa maneno yake, liliteka maji katika kila kisima pasipo kumwuliza mtu, na walimwengu wakanywa wakafurahi.

Namshukuru kwa mfano huo. Kama ningalipewa ruhusa ya kumchagulia shahidi, nisingalimchagulia mwingine.

Gazeti lenyewe liliitwa Our Puzzle Magazine. Lilikuwa la kila miezi mitatu, na uhai wake ulikuwa wa mwaka 1907 na 1908 tu. Mwenye gazeti alizaliwa Philadelphia mwaka 1841, na tangu ujana wake alikuwa hodari wa kutunga mafumbo ya sataranji, hata wachezaji wa Ulaya wakamjua. Sitaki kumpunja. Picha yake ya mwaka 1896, yenye watu kumi na watatu waliopangwa katika duara, ambayo ukiizungusha kidogo wanabaki kumi na wawili na hujui nani ametoweka, ni kazi ya mtu mwenye akili ya ajabu, na ni yake mwenyewe. Alipokufa mwaka 1911, mwanawe aliyelichukua jina lake aliyakusanya mafumbo ya baba, yakiwamo yale ya gazeti, akayachapa mwaka 1914 katika kitabu kinene kilichojinasibu kuwa na mafumbo 5,000. Kitabu hicho kilitengenezwa kwa haraka, na makosa yake ni mengi. Walakini ndicho kilichowafikia watu, na Martin Gardner alipochagua humo mafumbo ya kuchapa tena mwaka 1959 na 1960, sifa ya Loyd ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Sasa na tutazame maji hayo yalitekwa wapi.

Msomaji bila shaka amepata kukiona kile kisanduku cha vibao kumi na vitano katika mraba wenye nafasi kumi na sita. Vibao vina namba, nafasi moja ni tupu, nawe husukuma kimoja kimoja mpaka namba zifuatane. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1880 mchezo huu uliwapanda Wamarekani kichwani, kisha ukavuka bahari ukawapanda na watu wa Ulaya. Tangu mwaka 1891 hadi kufa kwake Loyd alisema kwamba yeye ndiye aliyeubuni. Watu walimsadiki, na Gardner naye alimsadiki. Ilikuwa mwaka 2006 ndipo Jerry Slocum na Dic Sonneveld walipotoa kitabu kilichoifuata njia yote ya mchezo huu. Kumbe ulitoka kwa Noyes Chapman, mkuu wa posta katika mji mdogo wa Canastota, jimbo la New York, ambaye yapata mwaka 1874 alikuwa akiwaonyesha rafiki zake vibao vya namba. Kwake ukapita kwa mwanawe, ukafika Hartford, ambako wanafunzi wa shule ya viziwi waliuchonga na kuuuza, ukafika Boston, ambako fundi mmoja, Matthias Rice, alianza kuutengeneza kwa biashara mwishoni mwa mwaka 1879. Chapman aliomba hati ya ubunifu mwaka 1880 akakataliwa. Loyd hatajwi popote katika safari hiyo.

Naomba msomaji aiangalie vizuri safari hiyo: mkuu wa posta, mwanawe, viziwi wa Hartford, fundi wa Boston. Hiyo ni isnadi. Kitu kilipita mkono kwa mkono kama kitendawili kinavyopita kinywa kwa kinywa, na kila mkono una jina lake na mji wake. Walioyakusanya majina hayo walitumia miaka ya taabu kwa kuwa mtu mmoja aliyafuta yote akaandika lake. Mwenzangu anaposema fumbo halina mwenyewe, hafikiri kwamba fumbo lililonyang'anywa majina halikai bila jina hata siku moja. Hulivaa jina la yule mwenye matbaa.

Lakini jambo la vibao lina ubaya mwingine, na huo ndio unaonikera zaidi. Loyd alitegea watu mpangilio ambao namba zote zimekaa sawa ila 14 na 15 zimebadilishana mahali, akaahidi tuzo la dola 1,000 kwa mtu atakayezirudisha katika utaratibu, nafasi tupu ikiwa pembeni kama mwanzo. Tuzo hilo halikuchukuliwa, wala halingeweza kuchukuliwa. Wanahesabu wawili, Johnson na Story, walikwisha kuonyesha katika American Journal of Mathematics mwaka 1879 kwamba jambo hilo ni muhali, na sababu yake si ngumu hata mtu wa lugha asiielewe. Kila usukumapo kibao, umebadilishana mahali pa vitu viwili, kibao na nafasi tupu. Nafasi tupu ikitoka pembeni na kurudi papo hapo, lazima imepanda mara kadiri iliyoshuka, na imekwenda kulia mara kadiri iliyokwenda kushoto. Basi jumla ya misukumo ni shufwa. Kuzibadilisha 14 na 15 peke yake ni badiliko moja, nalo ni witiri. Mabadiliko ya shufwa hayawezi kuzaa mpangilio wa witiri, hata ukisukuma mpaka kiyama. Loyd alilijua hilo. Fedha yake ilikuwa salama.

Mtetezi wake atasema: fumbo ni hila, na mwenye fumbo ana haki ya kuficha. Ndiyo, ana haki ya kuficha. Lakini lugha yetu imeweka mbali kufumba na kudanganya. Mtegaji wa kitendawili huificha njia, wala hakatai kwamba iko. Asemapo kwamba nyumba yake haina mlango, yai liko. Linamngoja mwenye kufikiri. Na wasikilizaji wakishindwa, hudai mji, hupewa Tanga au Unguja, naye akiisha kuupokea hana budi kutoa jibu mbele ya watu wote. Mji ni malipo ya jibu. Mtu anayechukua mji wa watu hali hana jibu, kwetu haitwi mtegaji.

Tena yako mambo ya Dudeney. Henry Ernest Dudeney, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1857, aliandikiana na Loyd kwa muda na kubadilishana naye mafumbo, na wakashirikiana katika kurasa za gazeti la Tit-Bits la London. Urafiki ulikatika, maana Dudeney aliyaona mafumbo yake yakitoka Marekani kwa jina la Loyd. Binti yake alieleza baadaye jinsi baba yake alivyokuwa akifoka kwa hasira hata yeye binti mwenyewe akamlinganisha Loyd na Shetani. Ni maneno makali, lakini ni maneno ya binti wa mtu aliyekuwa akila kwa kalamu yake.

Na lipo la mungu Tan. Mwaka 1903 Loyd alitoa kijitabu juu ya ule mchezo wa Kichina wa vipande saba, akasema una umri wa miaka 4,000, na kwamba mungu mmoja, Tan, aliuandikia vitabu saba. Mzee James Murray, mhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alitafuta habari hizo kwa njia ya mwanawe aliyekuwa akifundisha China. Wataalamu wa Kichina hawakumjua mungu huyo wala vitabu vyake, na Dudeney aliyatangaza matokeo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1917. Kitabu cha zamani kupita vyote kijulikanacho cha mchezo ule ni cha mwaka 1813. Ajabu ya mtu huyu ni kwamba pale asipoweza kujifanya mtunzi, alibuni mtunzi wa uongo. Hata yeye alijua kwamba fumbo bila isnadi halina heshima sokoni.

Mwenzangu alisema pia, na wanafunzi wakaandika katika madaftari yao, kwamba habari za umiliki ni fikira za Wazungu, na wazee wetu hawakuzijua. Hapa sina budi kumpinga bila kumung'unya maneno. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya mafumbo, na twayajua kuwa ni yake kwa sababu watu wa Mombasa waliyahifadhi pamoja na jina lake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka vinywani mwa wazee, akampa Taylor, na Hichens akayachapa mwaka 1940. Laiti Sikujua angalikutana na mchapishaji wetu huyu, leo tungekuwa na rundo la beti za Mombasa zisizojulikana ni za nani, na mwenzangu angekosa mihadhara yake mizuri juu ya Muyaka. Nazo kurasa za mashairi za Mambo Leo tangu miaka ya 1920 zilijaa watu wanaotegana na kujibizana, kila mmoja kwa jina lake na mji wake. Jibu lilimwendea mtu, halikuenda hewani. Ufumbaji wa Kiswahili ni mazungumzo, na mazungumzo hayawi bila watu wawili wanaojuana.

Nakubali kwamba kitendawili cha mitaani si shairi la Muyaka. Mtunzi wake hajulikani, wala hatajulikana. Lakini mwanafunzi wetu hakudai kwamba wale aliowaandika ndio watunzi. Alisema alipokea kwa nani, na huyo alipokea kwa nani, akaishia pale kumbukumbu ilipoishia. Huo ndio uaminifu wa kitaaluma tunaowafundisha darasani tukiwatoza alama kwa kila rejeo wanalolisahau. Twawezaje kumdai kijana amtaje profesa wa Leipzig kwa sentensi moja, kisha tumwambie amfute bibi wa Pangani aliyempa ukurasa mzima? Tukifanya hivyo tumemfunza kwamba elimu ina mwenyewe ikiwa imechapwa tu. Na kama ni karatasi, majina yote yale, nimeyahesabu kwa jicho, hayazidi kurasa chache. Utangulizi ambao mchapishaji anataka kumwomba mtu mkubwa auandike utazila zaidi.

Kijana amekwisha kuniuliza afanye nini. Nimemwambia asifute hata moja, na kama mchapishaji hatakubali, mswada ukae mpaka apatikane mwingine. Sasa uko mezani pangu. Katika ukurasa wake wa kwanza kuna kitendawili cha yai, ambacho hapana mtoto wa pwani asiyekijua, na chini yake kuna jina la mama mmoja mwuza maandazi, na maelezo mafupi kwamba alikitega alfajiri akikanda unga, na kwamba yeye alitegewa na shangazi yake, naye alishindwa, akatoa mji.