Tabora: mji wa wapagazi usio na pa kutembea

Wadau, leo mnivumilie, nimekuja na hasira zangu.

Kazi ya gazeti inanipeleka kwenye vikao vya madiwani mara kwa mara. Nakaa benchi la nyuma na daftari langu, nakunywa soda ya walipa kodi, nasikiliza. Taarifa ya barabara ikifika, lugha ni moja tu: kilomita. Kilomita kadhaa zimewekwa lami, kadhaa zimemwagiwa changarawe, kadhaa zimepitiwa na greda. Makofi. Mwenyekiti anashukuru, ajenda inayofuata. Hivi jamani, hakuna hata mheshimiwa mmoja wa kunyoosha mkono akauliza ni watu wangapi wanapita hizo barabara kwa miguu, wangapi kwa baiskeli, na wao wamewekewa nini?

Swali hilo lina uzito popote Bongo. Kwa Tabora ni aibu kabisa, maana huu ni mji uliojengwa kwa miguu. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, karibu kila kitu kilichoingia na kutoka Unyanyembe kilipita kichwani au begani mwa mtu. Pembe za ndovu zikienda Bagamoyo, vitambaa na shanga zikirudi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka wake na chungu chake. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze Novemba, na shuleni tunakaririshwa majina yao mawili kana kwamba walikuja peke yao. Livingstone alikwama Kwihara mwaka 1872, miezi kadhaa, akisubiri wapagazi. Walipofika ndipo akaondoka, Agosti. Mzungu maarufu kuliko wote wa zama zile, na bila miguu ya watu hakusogea hata hatua moja.

Baiskeli zilipokuja zikakuta mji umeshaandaliwa na Mungu mwenyewe. Tabora ni tambarare. Hakuna mlima wa kukukata pumzi kama Bukoba au Mwanza. Nusu ya mwaka hakuna mvua. Miembe ipo ya kukupa kivuli. Kama kuna manispaa Tanzania ambayo mtu angeweza kutoka Ipuli hadi sokoni kwa baiskeli bila kutoa jasho la kumtia aibu ofisini, ni hii.

Sasa simama barabarani saa 12 asubuhi uone. Wanafunzi wa sare wanatembea kwa makundi. Mzee ana magunia mawili ya mkaa kwenye keria, amefungia mipira mpaka baiskeli haionekani. Mama ana ndoo ya ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Kijana anapeleka maziwa. Hawa ndio msongamano wetu wa asubuhi! Magari ni machache, na yanayojaza barabara kwa kelele ni bodaboda. (Tena neno lenyewe bodaboda lilianza kwa baiskeli, kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Pikipiki zimelirithi tu.)

Watu wote hao wanapita wapi? Hapa ndipo penye kiini cha hasira zangu.

Zamani barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo. Mbaya, sikatai, lakini ilikuwa mbaya kwa wote. Gari lilikwenda taratibu kwa sababu ya mashimo, na mtu wa miguu alikuwa na ukingo mpana wa kukanyaga. Ikaja lami. Lami ikija inakuja na mfereji wa zege pembeni, wa kina, wazi, bila kifuniko. Ule ukingo uliokuwa wa watu umekuwa shimo. Palipobaki kidogo, mwenye fremu ya duka amepanga magodoro, na mwenye gari ameegesha. Mtu wa miguu anabaki na chaguo mbili: mfereji au lami. Anachagua lami, na kwa kuwa mashimo yamekwisha, gari linamfuata kwa kasi ya ajabu. Halafu tunaambiwa ni maendeleo, na kwa mwenye gari kweli ni maendeleo! Kwa mwanafunzi wa darasa la tatu, barabara imekuwa ya hatari kuliko alipoikuta kaka yake.

Na dawa yetu ni nini? Tuta. Mtoto anagongwa, wananchi wenye hasira wanapanga mawe barabarani, polisi wanakuja, mkuu wa wilaya anakuja na shangingi, wiki inayofuata tuta linawekwa. Matuta mengi ya nchi hii yana marehemu wake, ukiuliza wenyeji watakutajia jina. Yaani mpango wetu wa usalama wa watembea kwa miguu unaanzia msibani.

Ukiwauliza wahusika, unapigwa danadana ya kimataifa. Halmashauri inasema barabara si zetu tena, ni za TARURA. Ni kweli, tangu Julai 2017 barabara za mitaa na za wilaya ziko kwa wakala huo, na wahandisi walihamia huko. TARURA watakwambia hiyo barabara kubwa ni ya TANROADS. TANROADS watakwambia wao kazi yao ni barabara kuu na za mkoa, masuala ya wamachinga na maegesho waulize manispaa. Umerudi ulipoanzia, viatu vimejaa vumbi.

Mimi hiyo danadana siikubali. Barabara zimeondoka, lakini mipango miji imebaki halmashauri. Ramani ya mji, vibali vya ujenzi, sheria ndogo, masoko, stendi, mapato ya ndani, vyote viko chini ya baraza. Kiwanja kikipimwa Malolo au Mwinyi leo, upana wa njia unachorwa na watu wa mipango miji, si na TARURA. Ramani ikishaacha njia nyembamba, hakuna mhandisi atakayeweza kupachika njia ya baiskeli miaka 20 baadaye bila kuvunja nyumba za watu na kulipa fidia. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Tabora na watu kama laki 2 na elfu 27. Ya 2022 ikakuta wamepita laki 3. Watu zaidi ya elfu 80 kwa miaka kumi! Wengi wao wanakaa pembezoni, mbali na soko, mbali na hospitali ya Kitete, na shangingi hawana.

Haya, tuje kwenye fedha, maana najua ndiko mtakakonikimbilia. "Bwana mdogo, hela hakuna."

Hela ipo, ila haina jina la mtembea kwa miguu. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya Mfuko wa Barabara, na kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za serikali za mitaa. Mwaka 2021 Bunge likaongeza shilingi 100 kwa lita, mahususi kwa barabara za TARURA. Miradi ya mkopo wa Benki ya Dunia nayo imepita: Tabora ilikuwa kwenye ule mpango wa miji 18 ulioanza mwaka 2012, na imo kwenye miji 45 ya mradi wa TACTIC. Kwa hiyo tatizo si kwamba lori la zege halijawahi kuingia Tabora. Limeingia. Suala ni nani alikuwa mezani wakati mchoro unapitishwa, na alifikaje kwenye kikao. Walifika kwa gari wote.

Kuna hoja nyingine naisikia sana, hata kwa wasomi wenzangu tuliotoka chuo pamoja: mwenye baiskeli hachangii, maana hanunui mafuta. Hoja ya ovyo kabisa. Gunia la mahindi limefika sokoni kwa lori, tozo ya mafuta imo kwenye bei, na mla ugali ameilipa. Nauli ya bodaboda ina tozo hiyo hiyo. Halafu waulizeni wazee wenu. Ulikuwapo wakati halmashauri zilitoza kodi ya baiskeli, na ukikutwa huna stakabadhi baiskeli yako inakamatwa. Mwendesha baiskeli alichangia moja kwa moja, kwa jina lake. Alijengewa njia gani?

Na msiniambie haiwezekani Afrika. Katikati ya miaka ya 1990 ulifanyika mradi wa majaribio Morogoro na Temeke, na kwa jirani zetu Nairobi na Eldoret, wa kujenga vivuko vilivyoinuliwa na njia za miguu na baiskeli kwa gharama ndogo. Morogoro, jamani, si Amsterdam! Lakini ulikuwa mradi, na mradi una tarehe ya kwisha. Ukiisha wakati halmashauri haina kasma yake, kilichojengwa kinabaki yatima. Dar nako, mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, kandokando ya barabara ile kulikuwa na njia za miguu na za baiskeli, kwa sababu zilichorwa tangu mwanzo. Zimevamiwa na bodaboda na magari, ndiyo, lakini angalau una kitu cha kudai kirudishwe. Nairobi walipitisha sera yao mwaka 2015: asilimia 20 ya bajeti ya barabara za jiji iende kwa watembea kwa miguu na baiskeli. Utekelezaji unasuasua, Wakenya wenyewe hawachoki kulalamika, ila wana karatasi ya kumshikia gavana shati. Sisi tutamshikia nani shati, na kwa karatasi gani?

Kutenga asilimia kwa sheria si jambo geni kwetu. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile nne-nne-mbili. Imekuwa na matatizo yake, mpaka ikasimamishwa 2023 ikapangwa upya, lakini kila diwani anaijua na kila mkurugenzi anaulizwa. Kinachoulizwa ndicho kinachofanyika. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na kasma na kuwa na "tutalifanyia kazi".

Halafu kuna hili linalonichekesha kwa uchungu. Njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, na Kwihara imo. Tunaota watalii watakaokuja na dola zao kutembea palipotembea wapagazi. Vizuri, waje! Lakini mjukuu wa mpagazi anayetoka Kwihara alfajiri kuja mjini, yeye hayumo kwenye brosha yoyote. Mtalii akitembea ni utalii. Yeye akitembea ni umaskini, atasubiri apate pikipiki.

Sidai makubwa. Vifuniko kwenye mifereji, ili ukingo urudi kuwa wa watu. Vivuko vilivyoinuliwa mbele ya kila shule kabla ya msiba. Ramani mpya zenye upana wa baiskeli. Na asilimia iliyoandikwa. Tuanze hata na 10 ya kila shilingi ya barabara za mjini, hizo 20 za Nairobi tutazifikia mbele ya safari.

Bajeti za halmashauri hupikwa kati ya Novemba na Machi, na mikutano ya baraza ni ya wazi, mlinzi wa getini asikutishe. Meneja wa TARURA huitwa pale kujibu. Mtafuteni diwani wa kata yenu kabla ya hapo, mumwombe aulize swali moja tu, lile la watu wangapi. Mimi nitakuwa benchi la nyuma, na nitaandika jina la atakayeuliza. Na la atakayecheka.