Mtoto aliyekosa Singida apelekwe wapi?

SHERIA ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Hilo limekwisha kuamuliwa. Linalousumbua mkoa kama Singida ni linalofuata: mtoto aliyepatikana na hatia aende wapi?

Kwa miaka mingi taifa limeitegemea shule moja ya maadilisho, Irambo, iliyoko Mbeya. Tuchukue mfano wa mchungaji wa miaka 14 aliyeiba mbuzi wa jirani huko Mkalama. Akipelekwa Irambo, mama yake huenda asimudu nauli ya kwenda kumwona, na jirani aliyeibiwa hapati hata ukwato.

Sheria hiyo hiyo inampa hakimu njia nyingine: kumwachia mtoto kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, au kumwamuru mzazi alipe fidia. Mbeya na Temeke zilianza mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa kwao. New Zealand ilikiingiza kikao cha familia na mkosewa katika sheria yake tangu mwaka 1989.

Wazee wa Singida hawatakiona kikao hicho kuwa kigeni. Fidia ya mifugo wanaijua. Hapo ndipo penye hatari pia. Kesi ya mbuzi na ya binti aliyebakwa zinaweza kumalizwa kwa mifugo vilevile, baba akapokea, binti asiulizwe. Huko si kupatanisha, ni kuficha jinai. Ya mbuzi na imalizwe kijijini, mbele ya ofisa ustawi, mwenye mbuzi akieleza anachotaka. Ya binti iende polisi.